Mali bila daftari: somo kutoka minada ya magari ya kale ya mashindano

FERRARI iliyouzwa mnadani mjini Paris, Ufaransa, Februari 2015 haikuoshwa kwanza. Rangi ilikuwa imefifia, viti vimechakaa na vumbi la miaka mingi lilikuwa bado juu ya bodi. Ilikutwa katika shamba moja magharibi mwa Ufaransa, imelala gereji chini ya rundo la magazeti ya zamani. Shambani hapo kulikuwa na magari mengine zaidi ya 50 ambayo mfanyabiashara wa usafirishaji, Roger Baillon, aliyakusanya tangu miaka ya 1950, kabla biashara yake haijayumba. Mengi yalikuwa chini ya mabanda ya bati, yameliwa na kutu. Ferrari hiyo peke yake, aina ya 250 GT California Spider, ilinunuliwa kwa zaidi ya Euro milioni 16.

Mkulima mwenye pikapu mbovu nyuma ya ghala anaweza kucheka akisikia habari hiyo. Inakuwaje chuma kichafu kiuzwe kwa fedha ya kujenga kiwanda? Jibu ni kwamba vumbi lile lilikuwa sehemu ya bei. Lilionyesha kuwa gari halikuguswa na fundi yeyote kwa miongo kadhaa, hakuna aliyebadilisha injini wala aliyegonga namba upya, na kuwa lilikuwa la mtu anayejulikana. Mnunuzi hakununua usafiri. Alinunua historia iliyothibitishwa.

Hapo ndipo penye somo kwa kila anayefanya biashara, awe anauza mahindi, mbegu, ng'ombe wa maziwa au gari lililotumika. Katika soko la magari ya kale ya mashindano, thamani haiko kwenye chuma, iko kwenye kumbukumbu. Na kwa kuwa thamani iko kwenye kumbukumbu, hata matapeli wa soko hilo kitu cha kwanza wanachoghushi ni kumbukumbu.

Kizuri hakijiuzi chenyewe

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri, lakini kuna soko ambalo methali hiyo haifanyi kazi. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala iliyoeleza jambo hilo kwa kutumia mfano wa magari yaliyotumika. Muuzaji anajua gari lake ni zima au bovu, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anatoa bei ya katikati, ya kujihami. Bei hiyo inamfaa mwenye gari bovu, lakini inamwumiza mwenye gari zima. Mwenye gari zima anaondoka sokoni, na taratibu soko linabaki na mabovu. Kwa kazi hiyo na nyingine za aina hiyo, Akerlof alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Mkulima aliyekausha mahindi yake vizuri na kuyapeleka kwenye gulio ambako hakuna anayepima unyevu anajua maumivu hayo bila kusoma makala ya Akerlof. Analipwa sawa na jirani aliyeleta mahindi mabichi. Mwaka unaofuata naye hataona sababu ya kuhangaika na turubai.

Soko la magari ya kale lipo katika hatari hiyo hiyo, ila tarakimu zake ni kubwa zaidi. Mfano ni Ferrari 250 GTO. Kati ya mwaka 1962 na 1964 kiwanda kilitengeneza magari 36 tu ya aina hiyo yenye injini ya lita tatu. Agosti 2018 moja liliuzwa mnadani huko Monterey, California, kwa Dola za Marekani milioni 48.4. Bei ikifika hapo, kishawishi cha kutengeneza la 37 ni kikubwa mno.

Jinsi udanganyifu unavyofanyika

Njia ya kwanza ni kupandisha gari la kawaida daraja. Kiwanda hicho hicho cha Ferrari kilitengeneza gari la viti vinne lililoitwa 250 GTE, zaidi ya 900, ambalo injini yake ilikuwa ya ukoo mmoja na ile ya GTO. Kwa miaka mingi 250 GTE zilikuwa rahisi, kwa hiyo mafundi walizikata, wakafupisha chasisi na kuzivisha bodi mpya ya GTO au ya aina nyingine ya thamani. Waliosema wazi kuwa ni nakala hawakumdanganya mtu. Tatizo huja gari linapouzwa mara ya pili na ya tatu, na kila linapobadilisha mkono neno "nakala" linazidi kusahaulika. Porsche 911 Carrera RS ya mwaka 1973 nayo ina balaa hilo. Zilitengenezwa takriban 1,580, lakini 911 ya kawaida ya miaka ile inaweza kuvishwa ikafanana nayo, na mnunuzi asiyekagua namba hawezi kujua kwa macho tu.

Njia ya pili ni kulifanya gari moja kuwa mawili. Gari la mashindano liligonga, chasisi ikatupwa upande mmoja na injini ikauzwa upande mwingine. Miaka 30 baadaye mtu mmoja anajenga gari kuzunguka chasisi, mwingine anajenga kuzunguka injini, na kila mmoja anadai kuwa lake ndilo lililoshinda mashindano fulani. Wote wawili wana kipande cha ukweli. Hakuna mwenye ukweli wote.

Njia ya tatu ni kutengeneza kitu kipya na kukipa umri wa zamani. Mwaka 1993 gazeti la Los Angeles Times liliibua habari iliyowashtua wapenzi wa magari ya Cobra. Carroll Shelby, aliyeyaasisi magari hayo katika miaka ya 1960, alikuwa akiuza Cobra zilizoelezwa kuwa zimejengwa juu ya fremu zilizobaki tangu mwaka 1965. Ikabainika kuwa fremu hizo zilikuwa zimetengenezwa upya miaka mingi baadaye, na namba za zamani zilipatiwa hati za umiliki kwa kutumia kiapo. Gari lilikuwa zuri, jina la mtengenezaji lilikuwa la kweli na namba zilikuwa halali kiwandani. Kilichokuwa si cha kweli ni tarehe, na tarehe ndiyo iliyokuwa ikiuzwa.

Si kila mabadiliko ni wizi, hata hivyo. Magari ya mashindano yalikuwa zana za kazi kama trekta. Injini ikifa Jumamosi, nyingine ilifungwa Jumapili, na hakuna aliyewaza kuwa miaka 50 baadaye matajiri wangepigania namba iliyogongwa kwenye bloku. Fundi yeyote aliyewahi kufunga injini ya Isuzu kwenye Land Rover ya zamani ili mwenye shamba aweze kuvuna anaelewa hali hiyo. Kosa halimo katika kubadilisha. Limo katika kubadilisha na kunyamaza.

Kesi ya Bentley iliyobaki jina

Mfano bora wa tofauti hiyo ulisikilizwa katika Mahakama Kuu ya London mwaka 1990. Gari lenyewe lilikuwa Bentley Speed Six iliyopewa jina la Old Number One, mshindi wa mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Mwenye gari alikubaliana na kampuni moja kuliuza kwa Pauni za Uingereza milioni 10. Baadaye kampuni ikakataa kulipa. Hoja yake ilikuwa kwamba gari hilo si Old Number One, kwa sababu karibu kila kilichokuwemo mwaka 1929 kilikuwa kimeshabadilishwa.

Kwa upande wa vyuma, mnunuzi alikuwa na hoja nzito. Gari lile liliendelea kushindana baada ya ushindi wake, likabadilishiwa injini, chasisi na bodi kadiri mahitaji yalivyodai. Mwaka 1932 lilipata ajali mbaya katika uwanja wa Brooklands, Uingereza, iliyomuua dereva wake, na baada ya hapo likajengwa tena. Lilikuwa kama lile jembe la babu ambalo mpini umebadilishwa mara tatu na bamba mara mbili, lakini familia bado inaliita jembe la babu.

Jaji Otton alikubali kuwa vipande vya mwaka 1929 vilikuwa karibu vimekwisha. Hata hivyo, aliamua kuwa gari ni halisi. Sababu yake ilikuwa mwendelezo. Gari halikuwahi kutoweka halafu likaibuka. Halikuvunjwa na kugawanywa. Hakukuwa na gari jingine lililodai jina hilo. Kila badiliko lilikuwa hatua katika maisha ya gari moja linalojulikana, na njia yake tangu kiwandani hadi mahakamani iliweza kufuatwa. Mwenye gari akashinda.

Uamuzi huo una uzito wa kiuchumi ambao hauhusu magari peke yake. Mahakama haikuangalia upya wa chuma wala mng'ao wa rangi, iliangalia kama habari za gari hazikukatika mahali popote. Mwenye kumbukumbu zisizokatika alilinda Pauni milioni 10 akiwa na gari ambalo karibu kila spea yake ilikuwa imebadilishwa. Asiye na kumbukumbu angepoteza hata kama kila spea ingekuwa ya kwanza, kwa kuwa asingeweza kuthibitisha.

Nyundo ya dalali haithibitishi kitu

Wapo wanaodhani kuwa gari likishauzwa katika mnada mkubwa basi limehakikiwa. Hilo si kweli. Kazi ya dalali ni kukutanisha muuzaji na mnunuzi na kupata bei ya juu. Kwa kawaida masharti ya minada hiyo husema gari linauzwa kama lilivyo, na mnunuzi ndiye mwenye wajibu wa kukagua kabla ya kunyoosha mkono. Juu ya bei ya nyundo mnunuzi huongeza ada ya nyumba ya mnada, ambayo kwa magari mara nyingi ni kati ya asilimia 10 na 15. Dalali analipwa gari likiuzwa, na hilo pekee latosha kumkumbusha mnunuzi kuwa dalali si wakili wake.

Matukio ya karibuni yanaonyesha hivyo. Juni 2014, huko Goodwood, Uingereza, Ferrari 375 Plus ya mwaka 1954 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya Pauni milioni 10. Uhalisi wa gari haukuwa tatizo kuu. Tatizo ni kwamba lilikuwa limeibwa Ohio, Marekani, katika miaka ya 1980, na baada ya mnada zilifuata kesi kuhusu nani hasa alikuwa na haki ya kuliuza na kama wote wenye madai walikuwa wamemalizana. Gari la kweli lenye umiliki wenye utata linaweza kumtia mnunuzi hasara sawa na gari la uongo.

Agosti 2019, huko Monterey, gari la Porsche aina ya Type 64, la miaka ya 1930, lilipandishwa jukwaani. Dalali alipotaja bei ya kuanzia, ukumbi ulisikia Dola milioni 30 na skrini ikaandika hivyo. Watu wakapiga makofi bei ilipopanda hadi milioni 70. Ndipo ikatangazwa kuwa milioni 70 zilikuwa 17, na milioni 30 za mwanzo zilikuwa 13, maneno ambayo kwa Kiingereza yanafanana masikioni. Gari halikuuzwa. Katika dakika chache zile iliwezekana kuona jinsi ukumbi uliojaa shauku unavyoweza kuamini chochote.

Linganisha na mnada uliofanyika Mei 2022 katika makumbusho ya Mercedes-Benz mjini Stuttgart, Ujerumani. Kampuni iliuza gari lake aina ya 300 SLR Uhlenhaut Coupé, moja kati ya mawili tu yaliyotengenezwa mwaka 1955, kwa Euro milioni 135, bei ambayo haikuwahi kufikiwa na gari lolote mnadani kabla ya siku hiyo. Wanunuzi walikuwa wachache walioalikwa. Hawakuwa na haja ya kuuliza gari limepita mikono ya nani, kwa sababu tangu kutengenezwa lilikuwa mikononi mwa kiwanda. Mlolongo wa umiliki ulikuwa na pingili moja, na hiyo ni sehemu kubwa ya siri ya bei ile.

Anayetunza kumbukumbu ndiye mwamuzi

Viwanda vimeliona hilo. Ferrari inayo idara inayokagua magari ya zamani na kutoa cheti kwa yale ambayo chasisi, injini na giaboksi vinaoana na kumbukumbu za kiwandani. Mwaka 2012 Mercedes-Benz ilisimamia kuharibiwa kwa bodi ya nakala haramu ya gari lake la 300 SL. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna, Italia, iliitambua 250 GTO kuwa kazi ya sanaa ambayo umbo lake haliruhusiwi kunakiliwa ovyo. Mwezi Julai mwaka huo huo, polisi wa Brazil walivamia karakana katika mji wa Itajaí iliyokuwa ikitengeneza Ferrari na Lamborghini bandia na kuziuza kwa sehemu ndogo tu ya bei ya magari halisi.

Hatua hizo ni za maana, lakini nazo zahitaji tahadhari. Kiwanda kinachotoa cheti mara nyingi ndicho kinachouza pia huduma ya kulirudisha gari katika hali ya uhalisi. Mwamuzi anayepata faida kutokana na uamuzi wake lazima naye aangaliwe. Ndiyo maana wakusanyaji makini hawategemei cheti kimoja. Hulinganisha kumbukumbu za kiwanda, picha za mashindano, stakabadhi za mafundi na majina ya wamiliki kwa mpangilio wa miaka. Hutazama umbo la kila tarakimu iliyogongwa kwenye chasisi, maana kila kiwanda kilikuwa na mihuri yake, na hutafuta alama za msasa au uchomeleaji kuzunguka namba. Wanalipa mkaguzi kabla ya mnada, si wakili baada ya mnada.

Somo kwa gereji na ghala la hapa

Afrika Mashariki haiko nje ya habari hii. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na 1973, Ford Escort mwaka 1972 na 1977, Peugeot 504 mwaka 1975 na 1978. Tangu mwaka 2003 Kenya imekuwa na Safari ya magari ya kale, ambayo huwavuta washiriki kutoka ng'ambo. Gari lililoshindana kweli katika barabara hizo si sawa na jingine la aina hiyo hiyo lililobeba nyanya, na pengo hilo ndilo linalomfanya mjanja abandike namba za mashindano kwenye mlango wa gari lolote. Mwenye gari la kale asiwe mwepesi kumuuzia dalali kama chuma chakavu, na wala asikubali hadithi isiyo na picha, kadi wala stakabadhi.

Wengi, bila shaka, hawatanunua wala kuuza gari la mashindano. Lakini mfanyabiashara anayeagiza gari lililotumika kutoka minada ya Japani yumo ndani ya soko lile lile la Akerlof. Karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani huonyesha daraja la gari, kilomita zake na kama liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Karatasi hiyo inapopotea njiani, mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma, na mnunuzi wa mwisho hulipa bei ya gari zima kwa gari lililochoka. Mnunuzi adai karatasi hiyo, alinganishe namba ya chasisi iliyo kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, na akiona uchomeleaji mahali penye namba aondoke, hata kama bei ni tamu.

Aidha, mamlaka za usajili zina wajibu wake. Majalada ya zamani ya magari yasichukuliwe kuwa takataka za kuchomwa ofisi inapohamia kwenye kompyuta. Mabadiliko ya injini yaandikwe kwenye kadi bila usumbufu wala ada ya kukatisha tamaa, kwa sababu utaratibu mgumu humfanya mtu mwaminifu anyamaze, na mwaminifu akishanyamaza anafanana na tapeli. Hali ni hiyo hiyo kwa mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Lebo inayoweza kuhakikiwa haimlindi mkulima peke yake, inamlinda pia muuzaji mwaminifu asifukuzwe sokoni na bei ya kujihami.

Kutunza kumbukumbu ni kazi rahisi siku jambo linapofanyika: ni kalamu, daftari na bahasha ya stakabadhi. Miaka 30 baadaye kumbukumbu hiyo hiyo haipatikani kwa fedha yoyote, na pengo lake ndilo linalojazwa na wauza uongo. Yule Mfaransa hakujua kuwa magazeti na vumbi la gereji yake vingekuwa mashahidi. Kwake ilikuwa bahati. Mfanyabiashara na mkulima wa leo hawapaswi kungoja bahati ya namna hiyo, kwani wazee walishasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.